Makumbusho ya Msitu wa Kidundwe

Nchi yenyewe sitaitaja. Jina lake liko kwenye kamati kwa ajili ya marekebisho, na kamati haijatimiza akidi tangu mwenyekiti alipokwenda kumzika mwenyekiti aliyemtangulia. Itoshe kusema ni nchi nzuri yenye watu wapole, na mimi ni mmoja wao. Kwa hiyo msomaji akiona nimemcheka mtu humu ndani, ajue nilianzia kwenye kioo.

Kandokando ya Mji Mkuu wa nchi hiyo upo msitu mkubwa uitwao Kidundwe. Na ndani ya Mji Mkuu, katika Idara ya Historia Rasmi, chumba cha tatu baada ya choo, alikuwamo mtumishi aitwaye Zebedayo Ngwembe. Cheo chake kilikuwa Kaimu Msaidizi wa Mwandishi Mkuu. Mwandishi Mkuu hakuwahi kuteuliwa, na Msaidizi wake hakuwahi kuteuliwa, hivyo historia yote ya taifa iliandikwa na Kaimu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na sita, mwenye suti moja ya kijivu na woga mwingi. Woga huo yeye aliuita nidhamu, na kwa nidhamu hiyo alikuwa amewatumikia Watukufu wanne waliotawala nchi bila kukwaruzana na hata mmoja.

Kabla sijaenda mbali, niwaeleze desturi yetu ya mawe. Kila mradi kwetu huanza na jiwe la msingi, na hilo najua hata kwa majirani lipo. Tofauti ni kwamba kwetu, jiwe likishawekwa, mambo yameisha. Pazia huvutwa, makofi hupigwa, pilau huliwa, na kamati huvunjwa kwa kazi nzuri. Anayeuliza mradi umefikia wapi huonekana hana imani na jiwe. Sheria inasema mradi ukikamilika kabisa, jiwe ling'olewe kwa heshima na kupelekwa kwenye Ghala la Mawe Yaliyotimia. Ghala lipo, nimeliona kwa macho yangu. Lina walinzi wawili na mfagiaji, na ni safi kuliko jengo lolote la serikali, kwa sababu halijawahi kupokea jiwe.

Mtaa wa Mabanzi, alikoishi Zebedayo na mkewe Paskalia, nao ulikuwa na jiwe lake: Mradi wa Maji Safi kwa Wote. Liliwekwa miaka kumi na tisa iliyopita na maji hayajafika, lakini wenyeji hawakukosa maji. Wanawake waliingia Kidundwe kwa njia ya panya, wakachota kwenye chemchemi iliyo katikati ya msitu, wakarudi na ndoo kichwani. Jiwe la Maji lilikuwa nusu ya njia, kimo cha kiuno na bapa juu, kiasi kwamba mtu aliweza kutua ndoo bila kuinama na kujitwika tena bila kusaidiwa. Paskalia alikuwa akisema ni kitu pekee cha serikali kilichowahi kumpunguzia mzigo. Alisema hivyo bila kutania.

Basi siku moja Zebedayo aliitwa na Waziri wa Vivuli na Hewa Safi, Mheshimiwa Audifasi Mbogolo. Huyu alikuwa waziri mpya, ndiyo kwanza amerudi kutoka ng'ambo alikosomea Kasi kwa wiki sita. Ofisini kwake aliondoa viti vyote ili watu wasikae muda mrefu.

"Ngwembe," alisema, "taifa lisilo na Makumbusho ya Msitu linaweza kusimama mbele ya wenzake na kusema lina msitu?"

"Haliwezi, Mheshimiwa," alisema Zebedayo, ambaye hakuwa na hakika lakini aliona ndilo jibu linalotakiwa.

"Na makumbusho hayo yanafaa kujengwa wapi?"

"Mahali panapofaa, Mheshimiwa."

"Pale pale ulipo msitu! Ili uhalisia usipotee. Tunafyeka miti yote, tunamwaga zege, tunajenga ukumbi wa vioo, na ndani tunaweka picha kubwa za Kidundwe, sauti za ndege kwenye vipaza sauti, na kisiki kimoja halisi chini ya kioo. Mashine zinaingia Jumatatu. Wewe niandikie historia ya msitu iwe tayari Ijumaa. Msitu ukishaondoka tutahitaji kuukumbuka."

Zebedayo alitoka akiwa amekubali. Alipofika kwenye ngazi ndipo akili ilipomrudia, akaiona ile chemchemi chini ya zege.

*

Historia ya Kidundwe haikuwa rahisi kuipata. Nyaraka zilikuwa zimeliwa na mchwa, ambao kwa sasa wanaijua historia yetu kuliko idara nzima. Katika mabaki, Zebedayo aliokota haya.

Zamani watemi walificha ng'ombe humo. Baadaye wakaja wageni ambao hawakualikwa, wakakaa miaka sabini, wakazungushia msitu uzio na kuweka ubao kwa lugha yao: Hairuhusiwi Kuingia. Siku ya Uhuru wananchi waliung'oa ubao huo kwa ngoma na vigelegele, wakauchoma. Wiki iliyofuata ukawekwa mwingine, wenye maneno yale yale kwa lugha yetu. Hapo ndipo tulipojua tumejitawala kweli, maana sasa tulikuwa tunakatazwa kwa lugha tunayoielewa.

Kisha Mtukufu wa Kwanza akaona msitu unafaa kuwa uwanja wa mpira. Akaweka jiwe. Mtukufu wa Pili akaona unafaa kuwa uwanja wa ndege, naye akaweka lake. Wa Tatu aliota kiwanda cha viberiti, akapanda jukwaani akatangaza kwamba kila mti wa Kidundwe utageuka njiti na kila mwananchi atakuwa na moto wake mwenyewe. Makofi yalipigwa mpaka mbega wakahama kwa siku tatu.

Alhamisi Zebedayo aliamua kwenda kuyatafuta mawe hayo kwa miguu. La kwanza alilikuta limenyanyuliwa na mizizi ya mkuyu, likiwa limeinama kama mtu aliyesinzia kanisani. La pili lilikuwa limevaa kuvu ya kijani hadi jina la Mtukufu halisomeki. Juu ya la tatu alilala kenge akiota jua, na Zebedayo, kwa nidhamu yake, alimpita kwa mbali. Kuzunguka mawe yote matatu miti ilikuwa minene ajabu. Hakuna hata mmoja uliokuwa umekatwa, isipokuwa vijiti vya kushikilia mapazia.

Alikaa chini kando ya chemchemi. Kumbe Kidundwe hakikuokolewa na sheria wala mapenzi ya mtu yeyote. Kiliokolewa na sherehe. Kila aliyetaka kukimaliza aliweka jiwe kwanza, na jiwe likammaliza yeye. Zebedayo aliona hilo waziwazi, akafungua daftari, akaandika: "Msitu huu umedumu kutokana na uangalizi wa karibu wa viongozi wetu." Mkono wake ulikuwa umezoea.

Hatari safari hii ilikuwa moja tu. Mheshimiwa Mbogolo hakutaka sherehe. Alitaka misumeno.

*

"Na maji?" aliuliza Paskalia jioni hiyo. Alikuwa anachambua mchicha kibarazani.

"Kutakuwa na picha ya chemchemi, Mama Koleta. Kubwa, ya rangi."

"Nitaisongea ugali hiyo picha?"

Zebedayo akajitia kukohoa.

"Baba Koleta, mimi sikusoma. Wewe ndiye unayeandika mambo ya nchi hii tangu tuoane. Kesho si mna kikao? Simama useme. Waambie mtaa mzima unakunywa mle. Hata kama hawakusikii, mimi nijue ulisema."

Maneno hayo yalimwingia. Aliandika hotuba ya kurasa tatu, kali, yenye neno "thubutu" mara nne. Aliisoma mbele ya mbuzi wa jirani kwa sauti, na mbuzi alisikiliza hadi mwisho. Zebedayo alijiona mtu mwingine kabisa. Alikwenda kulala akiwa shujaa, na asubuhi alitia hotuba kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo.

*

Kikao kilifanyika kwa kusimama. Mheshimiwa alieleza mpango kwa dakika nne, akatazama saa yake. "Kuna mwenye la kusema? Nadhani hakuna."

"Mimi," alisema Zebedayo.

Watu wote waligeuka. Katika miaka thelathini na moja ya utumishi hakuna aliyewahi kusikia sauti yake kikaoni, na wengine walidhani ni mgeni. Mkono wake ukaenda mfukoni. Ukazigusa zile kurasa tatu. Macho ya Waziri yakamtua usoni. Neno "thubutu" lilipanda hadi kooni, likakwama, likarudi. Mkono ukatoka mfukoni mtupu.

Lakini alikuwa ameshasimama mbele ya watu na ilibidi aseme kitu. Kinywa kikasema chenyewe kile ambacho kilikuwa kimezoea kuuliza kwa miaka thelathini na moja.

"Samahani, Mheshimiwa. Ni kwa ajili ya sura ya mwisho ya historia tu. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe ngapi?"

Katibu Mkuu aliirudisha sambusa sahanini. Bi Tasiana, Mkuu wa Itifaki, mama wa miaka mingi aliyevutia Watukufu mapazia mengi kuliko mtu yeyote, alivua miwani taratibu.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, "ina maana jiwe halijawekwa?"

"Mama, hii ni serikali ya vitendo. Tunaanza na..."

"Nimekuuliza jiwe, baba. Mtukufu anajua kwamba kuna mradi mkubwa hivi na yeye hana jiwe? Au unataka kumnyima jiwe?"

Uso wa Waziri ulipauka. Kunyima si neno dogo kwetu. Kuna mtu aliwahi kumnyima Mtukufu wa Pili utepe wa kukata, na mpaka leo ni balozi katika kisiwa kisichofikiwa na meli.

"Nani kasema hakuna jiwe?" alisema Mheshimiwa Mbogolo, akijifuta paji la uso. "Jiwe lipo njiani! Zuieni mashine Jumatatu mpaka jiwe liwekwe. Nyie watu mna haraka ya nini?"

Jioni Zebedayo alirudi nyumbani kifua mbele, akamweleza mkewe kwamba yote hayo yalikuwa mbinu aliyoifikiria kwa siku nyingi. Paskalia alimsikiliza mpaka mwisho. Kesho yake, alipolifua lile koti, alikuta mbinu yenyewe mfukoni, kurasa tatu, imelowa.

*

Sherehe ilifana. Mahema yalifungwa kwenye miti. Zulia jekundu lilitandikwa kutoka barabarani hadi karibu na chemchemi, maana pale ndipo ardhi ilipokuwa laini kuchimba. Mtukufu wa Nne alihutubia kwa saa mbili na nusu. Alisema makumbusho haya yatakuwa kielelezo kwa bara zima. Kisha akavuta pazia, na kwa kuwa ratiba ilisema mgeni rasmi apande mti, akapanda mti, katikati ya miti elfu kumi. Wote tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa nimekaa jirani na pilau.

Halafu mambo yakaenda kama yanavyokwenda. Kamati ilivunjwa. Taarifa ya utekelezaji ikaandikwa kwamba Makumbusho ya Msitu wa Kidundwe yamekamilika kwa asilimia mia, na Mtukufu akaitia saini. Fundi mmoja wa misumeno, ambaye ni mgeni katika nchi yetu, alikwenda wizarani kuuliza anaanza lini kukata. Waliona ni mtu hatari. Kukata miti sasa kungekuwa ni kusema kwamba taarifa aliyotia saini Mtukufu ilikuwa na uongo ndani yake. Misumeno ilirudishwa ghalani, na Mheshimiwa Mbogolo akapandishwa kuwa Waziri wa Miradi Mikubwa kwa kumaliza mradi mkubwa ndani ya siku moja, hali iliyothibitisha kwamba kozi yake ya Kasi haikupotea bure.

Makumbusho yakikamilika huhitaji Mhifadhi. Barua ikamfikia Zebedayo Ngwembe. Alipewa meza, kiti, bendera ndogo ya mezani na kibao kilichoandikwa Mapokezi, vyote akavipanga chini ya mkuyu. Kila asubuhi alivaa suti yake ya kijivu akaenda kukaa msituni, akiwahifadhi mbega, akiwaona akina mama wa Mabanzi wakipita na ndoo. Kidundwe kilikuwa salama na maji yalitoka. Alianza hata kunenepa. Siku nyingine alijishika akitabasamu peke yake, na kwa kweli alikuwa na furaha kuliko wakati wowote tangu alipoajiriwa.

*

Mwaka ulipotimia, Mtukufu alileta mgeni. Alikuwa Mtukufu wa nchi jirani, ambaye kwake misitu iliisha zamani. Zebedayo aliwatembeza akiwa ametangulia hatua mbili, kinyumenyume, kama itifaki inavyotaka, na aligonga mti mara tatu.

Mgeni aliupapasa mvule mmoja kwa muda mrefu. "Ajabu," alisema. "Unaonekana wa kweli kabisa. Mmetengeneza kwa kitu gani?"

"Mbao, Mtukufu," alisema Zebedayo.

"Mbao tupu?"

"Na majani, Mtukufu."

Mbega aliyekuwa juu alidondosha tunda, likampata mpambe begani. Mgeni alicheka kwa furaha. "Na huyu anatumia betri?"

"Anajiendesha, Mtukufu."

Mtukufu wetu alivimba kwa fahari. "Wataalamu wetu wenyewe," alisema. "Hatukuazima mtu."

Wakafika kwenye chemchemi. Wanawake wanane wa Mabanzi walikuwa hapo wanachota, na Paskalia alikuwa wa mbele, kanga kiunoni, ndoo imejaa. Walikuwa hawajaambiwa kuhusu ugeni. Ni Zebedayo aliyepaswa kuwaambia, na aliogopa.

"Na hawa?" aliuliza Mtukufu wetu.

Zebedayo alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama yeye. Angeweza kusema hapo. Hata kurasa tatu hazikuhitajika, yalitosha maneno matatu: ni mke wangu.

"Ni sehemu ya maonyesho, Mtukufu," alisema. "Maisha ya watu wa zamani."

Paskalia alisimama na ndoo kichwani, kama kielelezo.

"Kumbe zamani watu walihangaika hivi kutafuta maji!" alisema mgeni kwa huruma. Mtukufu alichota maji kwa kiganja, akanywa, akafumba macho. "Matamu. Hawa wanatoka wapi?"

"Mtaa wa Mabanzi, Mtukufu."

"Mabanzi!" Uso wa Mtukufu ulichangamka. "Nilipokuwa Waziri nilianzia kwa jiwe hilo! Maji Safi kwa Wote, jiwe langu la kwanza maishani. Na leo nawakuta watu wa Mabanzi wana maji kwenye ndoo, maji safi, nimeyanywa mwenyewe. Ngwembe, kwa nini sikuambiwa kwamba mradi umekamilika?"

Wapambe wakaanza kupiga makofi, mgeni naye akapiga, na Zebedayo akajikuta viganja vyake vinapiga pamoja nao.

*

Walikuja Jumamosi na bendi. Jiwe la Maji Safi kwa Wote liling'olewa kwa heshima zote, likafungwa kitambaa cheupe, likapakiwa kwenye lori. Nasikia kule ghalani walinzi wawili walilia kwa furaha, na mfagiaji, aliyefagia sakafu ile miaka thelathini, aliomba apige picha nalo. Pale mtaani lilibaki shimo.

Jumatatu jioni Zebedayo alifunga ofisi yake chini ya mkuyu, akamkuta Paskalia chemchemini. Tangu siku ya ugeni mkewe alikuwa akimpa chakula na salamu, zaidi ya hapo hakuna. Alipoinama kujitwika, Zebedayo aliweka bendera yake ya mezani chini.

"Lete," alisema.

"Hujazoea."

"Lete tu, Mama Koleta."

Alijitwika. Maji yakamwagikia kwenye kola, yakashuka ndani ya suti mpaka kwenye soksi. Wanawake nyuma yake waliangua kicheko, na mmoja akapiga kigelegele. Alitembea shingo imekaza, mikono yote miwili juu, kama mtu anayejisalimisha kwa askari.

"Taratibu, Mhifadhi," alisema Paskalia nyuma yake. Ndiyo kwanza alikuwa anamtania tangu siku ile. "Usimwage vielelezo."

Wakatoka msituni, wakashika njia ya Mabanzi. Shingo ilianza kuwaka moto, kisha mabega, kisha macho yakatoka machozi ambayo alitaka yaonekane ni maji ya ndoo. Nusu ya njia, penye shimo, wale wanawake wote walipunguza mwendo bila kuambizana, kama walivyozoea kwa miaka kumi na tisa. Zebedayo naye alisimama. Aligeuza macho kushoto na kulia, kwa kuwa kichwa hakikuweza kugeuka, akitafuta pa kutua.

"Hapa ndipo tulipokuwa tunapumzika," alisema Paskalia.

Zebedayo alijua. Alishika ndoo vizuri, akaendelea kutembea.